Dume Asiye na Msimu

Kambi ya Mwambani
4 Februari

Mke wangu,

Nimefika salama. Mizigo yote imefika isipokuwa mto wa kulalia, ambao nadhani niliusahau juu ya kabati. Usiutume. Nimekunja koti, na linatosha.

Umepima sampuli za kambi hii miaka mingi bila kuiona, kwa hiyo nikueleze ilivyo. Ni mahema mawili na kibanda cha mabati chini ya kilima cha mawe. Hema moja ni langu. La pili ni la mpishi, ambaye pia ni dereva, mlinzi na, kwa maelezo yake mwenyewe, mshauri wa ndoa. Simu haishiki. Gari hushuka mjini kupeleka chupa zenu na kurudi na unga na mafuta, na barua hii itasafiri ndani ya sanduku la chupa. Ukilifungua, itie mfukoni kabla wenzako hawajaiona.

Wanyama wenyewe ni pimbi. Ukiwatazama kwa mbali utadhani ni sungura waliokatwa masikio wakanenepeshwa. Majike na watoto hukaa pamoja katika nyufa za mwamba, chini ya dume mmoja mwenye himaya. Madume wengine hukaa pembeni, kila mmoja na jiwe lake. Pimbi wote hujisaidia mahali pamoja, kama wapangaji wa nyumba moja. Kazi yangu ni kukaa na darubini nikimvizia dume mwenye kipuli cha rangi sikioni, nimwone akienda msalani, kisha nikimbie kuokota chake kabla hakijachanganyika na cha jirani. Mpishi anasema nimesoma miaka yote ile ili niwe karani wa choo.

Nikirudi kibandani nakausha, napima uzito, natikisa na spiriti na kuacha itulie. Maji maangavu yanayobaki juu ndiyo ninayokutumia. Yakikufikia hayana rangi wala harufu ya kukuonyesha yalikotoka, ila jina la dume nililoandika kwenye chupa.

Kuhusu jambo letu la mtoto, sijasahau kwamba tuliahidiana kwenda hospitali pamoja mwaka huu. Kazi hii ilitokea ghafla. Tutakwenda nikirudi. Mama akikuuliza, mwambie niko kazini.

Mumeo

*

Mjini
11 Februari

Mume wangu,

Barua nimeipata, na wenzangu waliiona kabla yangu. Fundi wa mashine aliisoma bahasha kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Wakapiga makofi.

Mto wako haukuwa juu ya kabati. Ulikuwa kitandani, upande wako, na upo hapo mpaka leo.

Kazi hiyo haikutokea ghafla. Tangazo lake lilibandikwa kwenye mlango wa maabara yetu wiki nyingi, na wewe ulilipita kila jioni ulipokuja kunichukua. Sikulaumu. Nasema tu ili tusianze kudanganyana kwa mambo madogo.

Mama yako alikuja Jumapili. Hakuniuliza habari zako. Alinitazama tumbo, kisha akautazama mlango wa chumba cha pili.

"Mwanangu, chumba hiki mnakifanyia nini siku hizi?"

"Tunaanikia nguo, mama."

"Nguo za nani?"

Nikaenda kumwekea maji ya chai. Nilisimama jikoni mpaka yakakauka birikani, nikaweka mengine.

Madume wako niliowapima wote wako chini, kama inavyopaswa kuwa kabla ya msimu wa kupandana. Homoni ya kiume ndani yao imelala. Yule unayemwita Mbiu ndiye aliyeanza kujigeuza usingizini. Endelea kuniletea.

Na usile makopo kila siku.

Mkeo

*

Kambi ya Mwambani
9 Machi

Mke wangu,

Mbiu ameamka. Ndiye dume mwenye himaya, na nilimpa jina hilo kwa sababu ya sauti yake, ambayo huanza kama mlango usiotiwa mafuta na kuishia kama mtu anayekoroma kwa hasira. Sasa anapiga kelele alfajiri yote juu ya jiwe refu. Jana dume wa pembeni, Kovu, alithubutu kumjibu. Walirushiana matusi nusu siku bila kukaribiana hata hatua. Mpishi alinigeukia akasema, "Hawa wana nyumba zinazopakana."

Katika vitabu tulisoma kwamba msimu ukifika korodani zao hukua mara nyingi zaidi ya kawaida, na msimu ukipita hurudi kuwa ndogo. Hazionekani kwa nje, zimo ndani ya mwili, lakini mwendo wao unakuambia. Kovu aliyekuwa akijikunyata anatembea sasa kama mtu aliyepandishwa cheo. Mwezi mmoja uliopita dume huyohuyo alikuwa hajali kitu.

Nimeongeza dume mmoja kwenye orodha. Hana kipuli sikioni. Anakaa peke yake chini kabisa, karibu na kambi, na sijawahi kumwona akijibizana na mwenzake. Nimemwita Mgeni. Nitakuletea sampuli yake kila gari likishuka. Naomba umpime kwa makini, na namba yake uniandikie wewe mwenyewe katika barua. Usingoje ripoti.

Usiku huku ni mtulivu. Nalala mapema.

Mumeo

*

Mjini
17 Machi

Mume wangu,

Nimempima huyo Mgeni wako. Nilimrudia mara ya pili, maana nilidhani nimesahau kutia kitu kwenye sahani ya vipimo. Yuko chini sana, chini hata ya wenzake walipokuwa wamelala. Kama Kovu amepandishwa cheo, huyu hajaomba kazi. Nilimwambia fundi wa mashine kwamba tumepata dume wa kupamba mwamba, na tangu hapo maabara nzima haina habari nyingine. Wamemchora kwenye karatasi, kanyoa, kavaa tai, kakunja mikono, na chini wameandika "Bwana Mgeni: Usimsumbue, Anapumzika." Imebandikwa juu ya mashine. Kila asubuhi tunamwamkia.

Nimecheka, na nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Nyumbani kimya. Bomba la jikoni linadondoka na nimeweka bakuli chini yake. Nikiwasha taa ya sebuleni naikuta pia redio niliyoiacha inasema peke yake, naacha iendelee. Mama yako hajaja tena, lakini alimtuma dada yako. Wifi yangu hazunguki: "Tatizo ni nani kati yenu?" Nikamjibu tatizo ni bomba.

Likizo yako ni lini? Kliniki ya hospitali kuu inapokea wanandoa kila Jumanne.

Mkeo

*

Kambi ya Mwambani
6 Aprili

Mke wangu,

Nimefurahi kusikia umecheka.

Nina maswali ya kikazi. Je, yawezekana mashine ikakosea kwa dume mmoja na kuwa sahihi kwa wengine? Je, dume aliye chini kiasi kile anaweza kupanda baadaye, tuseme akipata chakula bora au akiacha kukaa peke yake? Na je, jike anaweza kushika mimba kwa dume wa namna hiyo? Nauliza kwa sababu nitatakiwa kuandika habari zake katika taarifa.

Msimu umechanganya. Mbiu hali, halali. Amekonda mabegani, na sikio lake limechanika. Majike wanakaa juani kama hawahusiki. Mpishi anasema kazi ya dume ni ngumu kuliko inavyosifiwa. Kovu amepata jike mmoja upande wa nyuma wa kilima Mbiu alipokuwa akipigana na mwingine mbele. Mimi nilikuwa katikati na darubini, sikumwambia mtu.

Mgeni bado yuko peke yake. Sampuli yake imo.

Likizo bado sijajua. Bomba lifungwe uzi pale penye nati kwa muda.

Mumeo

*

Mjini
15 Aprili

Mume wangu,

Nakujibu ya kazi kwanza, kwa kuwa ndiyo uliyoiuliza.

Mashine haina chuki na mtu. Nimempima Mgeni tena, namba ni ileile. Wenzake wote wamepanda: Mbiu amekwenda juu mpaka nikalazimika kumzimua kwa maji, na hata vijana wasio na himaya wamepanda kiasi chao. Yeye hakusogea. Kuhusu jike, mtu wa maabara hasemi haiwezekani, lakini ningekuwa jike wa mwamba huo nisingepoteza masika yangu kumngojea. Umeridhika?

Mkuu wa utafiti amefurahi kupita kiasi. Anasema dume asiye na msimu hajapata kuonekana kwa pimbi, na anataka kumwandikia makala. Ameniomba nikuombe umpige picha.

Sasa yangu. Niliuliza likizo, ukanijibu kwa uzi na nati. Nimeufunga uzi. Maji yanapita pembeni yake. Usiku nalisikia bomba, na nasikia jirani anavyombembeleza mtoto wake, na nakisikia chumba cha pili, ambacho hakina cha kusikika. Sitaki mtu wa kunitengenezea bomba kwa barua.

Njoo hata kwa siku mbili.

Mkeo

*

Kambi ya Mwambani
30 Mei

Mke wangu,

Nimechelewa kujibu. Magari mawili yameshuka bila barua yangu, na chupa pekee ulizipata. Nilianza kuandika mara kadhaa.

Mkuu ameomba mtu wa kubaki mwambani kwa misimu miwili inayokuja. Nimekubali.

Naomba usome yafuatayo bila hasira. Umri wako unaruhusu mambo ambayo mimi siwezi kukupa. Nimeyajua haya zamani. Kabla sijaondoka ulirudi nyumbani siku moja ukiwa umenyamaza, na kuanzia siku hiyo ukaanza kunipikia kama unavyompikia mgonjwa. Hukunituma tena dukani. Hukunikatiza nilipokuwa nazungumza. Nilielewa. Lakini mtu anaweza kuelewa na bado akatumaini, hadi apate namba. Sasa sina cha kutumaini, na si haki ukae kumngoja dume wa kupamba mwamba.

Nitazungumza na mama mwenyewe. Nitamwambia tatizo ni mimi, ili asikutazame tena kwa namna ile. Nyumba ni yako. Ukipata mtu mwema, sitakuwa kikwazo. Nitasaini chochote utakachoniletea.

Msimu umekwisha huku. Mbiu ameshuka kwenye jiwe lake refu. Jana alipita karibu na Kovu, na hakuna aliyegeuza kichwa. Majike wana mimba, mwendo wao mzito unaonyesha. Sikujua mwamba unaweza kunyamaza hivi. Mpishi amekwenda kumwona mkewe, nami nimekaa na koti langu.

Samahani kwa picha. Mgeni hapigiki.

Mumeo

*

Mjini
8 Juni

Wewe,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mbele ya mashine, chini ya ile karatasi. Nilipofika penye "dume wa kupamba mwamba" nikainua macho, Bwana Mgeni akanitazama na tai yake.

Maneno yale niliyasema juu ya chupa. Wewe umeyachukua ukajivika. Nikatoa namba zake zote tangu Machi, nikazipanga kwenye karatasi moja na za wenzake. Za wenzake ni kilima, zinapanda na kushuka. Zake ni mstari mnyoofu, kama umechorwa kwa rula. Hakuna dume wa pimbi asiye na msimu. Kwenye kambi hiyo wapo madume wawili tu ambao hawana msimu, na mmoja wao ni mpishi.

Ulikausha chako, ukakipima uzito, ukakitikisa na spiriti, ukaniandikia "Mgeni". Nami nikakupima. Nikakubandika ukutani. Nimekuamkia kila asubuhi na watu wazima wenzangu, tukicheka. Je, unajua hilo linaniacha wapi? Nimeibandua karatasi. Fundi akaniuliza kulikoni, nikalia mbele yake, akazima mashine akatoka nje.

Sasa sikiliza, karani wa choo, maana mengine ulitakiwa kuyajua, na kama huyajui ungeniuliza mimi mkeo badala ya kuuliza chupa. Kipimo changu hakioni homoni yenyewe. Kinaona mabaki yake baada ya mwili kuivunja, na kila mnyama huvunja kwa namna yake. Kimetengenezwa kwa pimbi. Kwa binadamu, mabaki mengi hutoka kwenye mkojo, wala si kwenye hicho ulichonitumia. Ningekipima cha bondia bingwa, kingeonekana kama cha Mgeni. Namba yako haisemi chochote. Haisemi wewe ni mzima, haisemi wewe ni mgonjwa. Na hata ingesema, homoni siyo mbegu. Umeniacha kwa ajili ya namba isiyo na maana.

Lakini na mimi nilinyamaza. Siku ile uliyoitaja nilitoka kupimwa. Daktari hakuona tatizo kwangu. Njia nzima nilitunga namna ya kukuambia, na kila namna niliyotunga ilikuwa inakunyooshea kidole. Nikaona afadhali nikupikie. Sikujua kwamba huruma yangu unaila na kuisoma.

Kwa hiyo huenda ni wewe kweli. Huenda tatizo linatibika, huenda halitibiki, huenda ni sisi wawili tukikutanishwa. Sijui, na wewe hujui, na mama yako aliyekuja jana na kukaa mbele ya chumba cha pili kama mlinzi wa benki hajui pia. Usimwandikie. Kama kuna la kuambiwa, ataambiwa na watu wawili waliokaa kochi moja.

Mkuu nimemwambia sampuli za Mgeni ziliingiliwa na mkono wa binadamu, azifute. Amesikitika kama aliyefiwa. Sikumwambia uongo.

Sitasaini chochote. Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao nitakuwa nje ya mlango wa kliniki, kuanzia asubuhi. Nimeandikisha majina yetu sote wawili. Wakituita nikiwa peke yangu nitaingia, nitawaambia mume wangu yuko kazini, na baada ya hapo, hilo ndilo litakalokuwa jibu lako nami nitalipokea.

Mkeo, bado

*

Nyumba ya wageni, nyuma ya hospitali
3 Julai

Mke wangu,

Nilikuja.

Nilishuka na gari la chupa usiku wa kuamkia juzi. Asubuhi nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka la viatu. Nilikuona ukifika. Ulivaa lile gauni la kijivu unalolivaa siku za mitihani ya maabara. Ulikaa kiti cha mwisho, na kiti cha pembeni yako ukakiwekea begi lako.

Nilitaka kuvuka. Kila nilipoinua mguu niliwaza wakuu wa familia, mama, dada, wote wamekaa ndani ya kile chumba wakiningoja nivue shati. Muuza viatu akaniuliza ninataka nini, nikamwambia kiatu. Nilijaribu kimoja, nikavua, nikajaribu kingine. Mwishowe akasema, "Kaka, hiki ni cha nane. Una hakika mguu ni wako?"

Watu walijaa pale nje. Alikuja mzee mmoja akakuonyesha kile kiti, ukatikisa kichwa. Akaja mama mjamzito. Nilijua utampa. Hukumpa. Ulisimama ukampa chako wewe, ukabaki wima ukutani, na begi likaendelea kukaa. Nilikuwa na kiatu cha mtu mguuni na machozi yananitoka, na muuza viatu akadhani kinanibana.

Wakakuita. Ulitazama barabarani pande zote mbili. Hukutazama dukani. Ukalichukua begi, ukaingia.

Ndipo nikavuka, nikiwa nimechelewa. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilikaa kwa muda mfupi kwenye kile kiti, kisha nikaona haya, nikaondoka kabla hujatoka. Kwa hiyo unaweza kuwa umeshapokea jibu langu, kama ulivyosema, na una haki ya kulishikilia.

Jana jioni nilifika nyumbani. Nilisimama mlangoni na barua hii mkononi, ikiwa haijaisha. Redio ilikuwa inasema ndani, na nilisikia viatu vyako vya ndani vikienda jikoni na kurudi. Sikubisha. Nikibisha utanifungulia, utanipa chakula, utaniuliza mwamba ukoje, na tutazungumza juu ya mama na juu ya bomba mpaka tulale. Najijua. Kesho yake ningekuwa kwenye gari la chupa. Ndiyo maana naimalizia huku, na nitaipitisha chini ya mlango alfajiri.

Mkuu nimemwandikia atafute mtu mwingine wa misimu inayobaki. Mpishi ameshanitoa kwenye hesabu ya chakula.

Nimekwenda kliniki leo peke yangu, nikajitambulisha dirishani. Muuguzi alipekua kitabu chake, akanitazama juu ya miwani. "Wewe ndiye uliyekuwa kazini?" Nikasema ndimi. Akaniandikia Jumanne ijayo, jina langu kwanza.

Nitafika kabla hawajafungua. Nitakaa kiti kile cha mwisho, na cha pembeni nitakiwekea begi. Sikusikia ulichowaambia waliokiomba. Mimi wakiniomba nitawaambia kina mtu, na kama kufikia mchana hajaja, nitawaambia hivyohivyo.

Mumeo